Begi Kifuani: Siku Sita Kati ya Mombasa na Thika Nikiwa na Kipakatalishi

Jumapili, Majengo

Kesho alfajiri ninaondoka Mombasa kwenda Thika, ambako nimealikwa kuwafundisha walimu kumi na wawili matumizi ya kompyuta kwa njia ya sauti. Sioni tangu nilipokuwa na umri wa miaka tisa, na riziki yangu inatokana na tafsiri: mawakili huniletea maelezo ya mashahidi kwa Kiingereza nami nikayageuza kuwa Kiswahili, au kinyume chake. Kazi hiyo yote inapita kwenye kipakatalishi kimoja chenye programu ya NVDA, ambayo hunisomea kwa sauti maandishi yaliyopo kwenye skrini. Mwenye macho akiibiwa kompyuta hupoteza mali na hupoteza kazi, lakini bado atasoma barua aliyoletewa na tangazo lililobandikwa ukutani. Mimi ikinitoka mkononi, barua, mikataba, vitabu na hesabu zangu vyote hunyamaza kwa pamoja. Ndiyo maana safari naianza siku moja kabla, nikiwa bado nimekaa sebuleni kwangu.

Kazi ya kwanza imekuwa kupunguza. Kwenye mashine kulikuwa na mafaili ya miaka mitatu, yenye majina ya watu, nambari zao za vitambulisho na mambo waliyoyaeleza kwa wakili wakiamini kwamba hayatafika mbali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika habari za watu azilinde, nami hata isingekuwapo sheria hiyo nisingependa siri ya mama wa watu izunguke nchi nzima ndani ya begi. Nimeyahamishia mafaili yote kwenye diski ya nje inayobaki nyumbani, nikaacha moja tu ambalo lazima nilikamilishe kabla ya Alhamisi.

Diski ya ndani imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoyageuza maandishi kuwa fumbo, kwa hiyo hata mtu akiing'oa na kuitia kwenye mashine nyingine hatasoma neno. Ulinzi huo una jambo moja ambalo asiyeona hana budi kulijua mapema. Mashine ikishuku kwamba imechezewa, huleta skrini ya kudai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48, na skrini hiyo hutokea kabla Windows haijawaka, wakati ambapo hakuna programu yoyote ya sauti inayofanya kazi. Kwangu mimi mashine inakuwa imekufa tu. Nilishawahi kukaa nayo asubuhi nzima nikidhani imeungua, mpaka mtoto wa jirani akapita na kuniambia, "Ami, hapa inakuuliza nambari." Tangu siku hiyo masasisho makubwa, ambayo nayo yanaweza kuileta skrini hiyo, nayamaliza wiki mbili kabla ya safari, na ufunguo nimeuandika kwa nukta nundu, maandishi yetu ya kusomwa kwa vidole, kwenye kadi ngumu, makundi manane ya tarakimu sita sita, bila kichwa wala maelezo. Kadi anaiweka dada yangu mkubwa ndani ya kasha la marehemu mama. Nimemfundisha zile alama kumi za tarakimu, naye anaweza kunisomea kwa simu huku mimi nikibonyeza vitufe, kwa kuwa vidole vyangu havihitaji sauti ili vijue nambari ziko wapi.

Mfukoni mwa shati, mbali na begi, nimetia flashi ndogo yenye nakala ya kubebeka ya NVDA pamoja na mipangilio yangu yote. Programu hiyo, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona, Michael Curran, kisha akajiunga naye mwenzake asiyeona, James Teh, hutolewa bure, na nakala hiyo huwaka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Mashine yangu ikipotea njiani, ninaweza kuazima kompyuta ya mtu yeyote yenye Windows nikasoma. Mwenyewe itabidi aifungue kwanza kwa nenosiri lake, kwa sababu nakala ya flashi haisemi kwenye ukurasa wa kuingilia. Nenosiri langu la barua pepe, hata hivyo, silichapi kwenye mashine ya kuazima.

Mwisho nimeshughulikia sauti. Windows hukumbuka kiwango cha sauti cha kila kifaa peke yake, na kwa kawaida kabla ya kutoka nyumbani spika za ndani huziteremsha hadi sifuri, nikabaki na sauti ya vipokea sauti vya masikioni tu. Huandamana na vipokea sauti vya pili ndani ya soksi, kwa sababu vya kwanza vikikatika wakati spika ziko sifuri nitakuwa sina sauti kabisa. Leo vipokea sauti vya pili nimevitia. Spika nimekusudia kuzishughulikia baada ya chakula cha usiku.

Jumatatu, Miritini hadi Thika

Sikuzishughulikia. Wageni walikuja, tukazungumza hadi saa nne, nikalala. Nalieleza mapema kwa sababu lilinigharimu.

Tuktuk imenichukua Majengo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ubavu wa tuktuk uko wazi, na mwenye pikipiki akipita karibu mkono wake unafika ndani, kwa hiyo nimekaa katikati ya kiti, begi nimelivaa kifuani na si mgongoni, kisha nimefunga koti juu yake. Begi lenyewe ni la turubai, halina jina la kampuni yoyote, na ukilitazama kwa nje, naambiwa, utadhani ni la mwanafunzi. Zipu zake mbili nimezikutanisha na kuzipitishia kipete cha funguo. Hakimzuii mwenye nia mbaya, lakini mkono wa mtu ukikigusa nitasikia.

Kwenye kituo cha reli cha Miritini abiria hutakiwa kupanga mizigo yao chini kwa mstari, kisha wasogee kando ili mbwa wa polisi wapite wakinusa. Kwa mwenye macho ni dakika chache za kusubiri, maana anaendelea kuutazama mzigo wake. Kwangu ni dakika ambazo kipakatalishi kiko mahali nisipopafikia kwa mkono wala kwa sikio. Nilimwambia askari mapema, kabla sijafika kwenye mstari: "Afande, mimi sioni, na humu mna kompyuta ninayofanyia kazi. Nitaliweka begi mwisho wa mstari. Nakuomba uniambie nirudi hatua ngapi, na mbwa wakimaliza uniambie kabla watu hawajaanza kuchukua mizigo." Alinyamaza kidogo, nadhani alikuwa hajawahi kuombwa hivyo, kisha akasema, "Sawa mzee, hatua saba moja kwa moja nyuma." Nikahesabu saba. Nikasikia kucha za mbwa juu ya sakafu, pumzi zake, zikapita upande wangu wa kushoto na kufifia. Halafu sauti ya yule yule: "Mzee, njoo." Nikahesabu saba za kurudi, nikainama, kidole kikagusa kipete cha funguo. Kilikuwa kama nilivyokiacha.

Ombi lile la hatua saba ndilo ninalopenda wenzangu walichukue kutoka katika maandishi haya kuliko jambo jingine lolote. Askari hakuvunja kanuni yake hata moja, nami sikutaka anivunjie. Alichonipa ni kujua, na kujua kulinitosha.

Ndani ya behewa sikulipandisha begi juu kwenye rafu. Nilikaa, nikaliweka katikati ya miguu, na mkanda wake nikauzungusha mara moja kwenye paja. Treni ilipotulia kwenye mwendo nilitoa kipakatalishi, nikawasha pazia la skrini. Hicho ni kipengele cha NVDA kinachoifanya skrini kuwa nyeusi tii huku mimi nikiendelea kusikia, na asiyekijua hudhani mashine imezimwa. Mama aliyekaa jirani yangu alinishika bega kwa upole: "Baba, mtambo wako umezima." Nikamshukuru, nikamweleza kwamba unafanya kazi, na kwamba skrini nimeifunika kwa sababu ninachosoma si changu. Mtu anayeona hujua anapochunguliwa, akainamisha kifuniko. Mimi sijui, kwa hiyo nafunga pazia safari nzima.

Sikioni nilitia kipokea sauti kimoja tu, cha kulia. La kushoto nililiacha kwa ajili ya dunia.

Ilitokea baada ya Voi. Abiria wa upande wa dirishani waliona tembo wa Tsavo, wakainuka wote kwa pamoja kuwatazama, na mmoja wao alipokuwa akinipita alikumbana na waya wangu. Waya ukachomoka. Mashine, kwa utii, ikahamishia sauti kwenye spika, nazo zilikuwa kwenye kiwango cha sebuleni. Behewa zima lilisikia sentensi moja na nusu ya maelezo ya shahidi, kwa sauti ile ya kibati inayosoma Kiswahili, kuhusu mume na shamba na maneno waliyotupiana usiku wa manane. Nilibonyeza kitufe cha Control, ambacho hukata usemi papo hapo, lakini kilichotoka kilikuwa kimeshatoka. Jina halikutajwa. Nimelirudia faili mara tatu kuhakikisha kwamba jina lilikuwa aya mbili mbele, na kila mara nilipohakikisha moyo haukutulia, kwa kuwa aya mbili ni bahati, si ulinzi. Mama wa jirani hakusema kitu. Nilizishusha spika hadi sifuri pale pale, kazi ya nusu dakika, ile niliyoiahirisha jana kwa sababu ya wageni.

Kanuni yangu nyingine ya treni ni ya vituo. Kabla ya kila kituo, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, nilikirudisha kipakatalishi begini na kufunga zipu kabla breki hazijaanza kulia. Milango inapofunguka ndipo watu wanapopita kwa haraka na kushuka, na anayeshuka na kitu chako treni haimngoji, wala wewe haikungoji ushuke kumfuata.

Safari ya kilomita 472 ilimalizika mchana, kwenye stesheni ya Nairobi iliyoko Syokimau, na hapo ndipo nilipopata hofu kubwa kuliko zote za wiki hii. Nilikuwa nimevua begi kifuani ili nivae koti. Mwanamume mmoja akaniambia kwa sauti ya uchangamfu, "Kaka, ngoja nikusaidie," akalitwaa begi mkononi mwangu na mkono wake wa pili ukanishika kifundo cha mkono, akaanza kunivuta. Watu wakasukumana, mkono wake ukaachia. Nikasimama katikati ya umati nikiwa na fimbo nyeupe na koti lililovaliwa nusu. Nilipaza sauti: "Aliyechukua begi langu asimame aongee!" Nikairudia. Kutoka mbele, mbali kiasi, nikasikia, "Niko huku kaka, niko huku kwenye ngazi, njoo tu." Hakuwa mwizi. Alikuwa ametangulia na begi akiamini kwamba ananirahisishia kupanda ngazi, na nilipomfikia alikuwa akihema kwa kujali.

Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu nia yake ilikuwa njema. Kisha nilimwonyesha namna ya kunisaidia: nilivaa begi langu kifuani, nikamshika mimi mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, nikakaa nusu hatua nyuma yake. Kwa njia hiyo mwili wake unaniambia kila kitu. Akipanda ngazi kiwiko kinapanda, akigeuka kinageuka, na mikono yake haina haja ya kugusa mzigo wangu. Alisema hakuwahi kuambiwa. Wengi hawajawahi kuambiwa, nasi tuna sehemu ya lawama, maana tunaona haya kumsahihisha anayetutendea wema. Sasa nina sentensi niliyoifanyia mazoezi hadi imelainika mdomoni, na naitoa kabla mkono wa mtu haujafika: "Asante sana, begi nabeba mwenyewe, nipe kiwiko chako."

Treni ya abiria wa mjini ilinifikisha katikati ya Nairobi. Kwenye steji ya matatu ya Thika kondakta alitaka begi liende nyuma pamoja na mizigo, nikakataa kwa heshima. Nilichagua kiti cha ndani mbali na dirisha, kwa kuwa kwenye foleni za Nairobi mkono huingia dirishani ukatoka na simu kabla mwenyewe hajageuka. Barabara kuu ya Thika tuliipita bila tatizo.

Jumanne, Thika

Thika ina shule ya msingi ya wasioona tangu mwaka 1946, na kwa mtu wa hali yangu ni mji ambao fimbo nyeupe haiwashangazi watu sana. Mafunzo yanafanyika katika ukumbi mwingine mdogo. Walimu wote ni wenye kuona isipokuwa wawili.

Nilitaka maandishi ya mazoezi yawe na maana, kwa hiyo nilichagua Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kila mwalimu alifunga macho kwa kitambaa akaisikiliza kwa NVDA, akitafuta kifungu kwa vitufe tu. Ibara hiyo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, ya kufika mahali pa umma, ya usafiri wa umma na habari, na katika aya ya mwisho ya kifungu cha kwanza, ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vitokanavyo na ulemavu wake. Mwalimu mmoja aliisikiliza aya hiyo mara mbili, akavua kitambaa, akauliza kama kifaa kinachotajwa ni kama hiki nilichokibeba kifuani. Nikamjibu kwamba ndicho hasa. Ninapomwomba askari anihesabie hatua, siombi upendeleo wa mtu mwenye mali ya thamani. Naomba nisitenganishwe na kile ninachosomea.

Wi-Fi ya ukumbi ilidai nithibitishe kwamba mimi si roboti kwa kuchagua picha zenye magari. Njia mbadala ya sauti haikuwapo. Ningeweza kumpa mtu mashine anichagulie, lakini kwanza ningelazimika kuondoa pazia la skrini na kumwachia kila kilichokuwa wazi. Nilitumia intaneti ya simu yangu siku nzima.

Jumatano, Thika

Leo asubuhi nilitoka chumbani kwenda kunywa chai, nikakiacha kipakatalishi juu ya meza, kimefungwa, kwa dakika ishirini. Niliporudi, meza ilikuwa tupu. Nilipapasa meza yote, kitanda, chini ya kitanda, sakafu hadi mlangoni. Chaja pia haikuwapo. Nilikaa kitandani nikaanza kufikiri nimpigie nani kwanza, wakili au dada. Mwanadada wa usafi akapita ukumbini, nikamwita. "Ah, mzee, nimekutandikia vizuri," akasema, "kompyuta nimekuwekea kabatini, rafu ya juu, isiingie vumbi." Kabatini nilikuwa sijatazama, kwa kuwa sikuwa nimelifungua tangu nifike.

Mwenye kuona angefungua mlango wa kabati akamaliza. Kwangu kitu kilichosogezwa kimepotea, hata kikiwa mita mbili tu, na hilo ndilo nililomweleza yule binti bila kumkemea. Tulikubaliana kwamba chumba changu hakitasafishwa nisipokuwepo. Kosa la kuacha mashine mezani lilikuwa langu. Kuanzia leo naenda nayo hata kwenye chai.

Adhuhuri nilikaa na mmoja wa waandaaji, dada anayetumia kiti cha magurudumu, mhasibu kwa kazi, naye ana kipakatalishi chake. Kwa muda mrefu alikuwa akikitundika kwenye vishikio vya nyuma ya kiti, kama wafanyavyo wengi, kwa kuwa mikono yake iko kwenye magurudumu. Begi la nyuma halioni, na mtu anayemsukuma kwa wema anaweza kulifungua bila yeye kuhisi. Isitoshe uzito wake huvuta kiti kinyumenyume kwenye mteremko, naye alishawahi kuanguka chali akishuka ukingo wa barabara. Alinishika mkono akauweka pale begi lilipo sasa: mapajani, limefungwa kwa mkanda mpana wenye bizimu, mkanda wenyewe ukipita chini ya kiti. "Mwalimu," akaniambia, "mimi tatizo langu ni kupanda matatu. Wananibeba mimi kwanza, kiti kinakwenda juu ya paa, na begi linabaki chini na mtu nisiyemjua. Sasa nasema, begi likiwa mapajani, sisi wawili ni mzigo mmoja." Nikakumbuka kipete changu cha funguo. Yeye anaona na mimi natembea, lakini tunachokilinda ni kile kile, na tunakilinda dhidi ya mikono ile ile yenye haraka ya kusaidia.

Alhamisi, Thika

Tafsiri imekamilika na kutumwa saa nne asubuhi. Walimu wamefaulu kufungua, kuandika na kuhifadhi faili bila kutazama skrini. Hakuna jingine la safari la kuandika leo.

Ijumaa, Nairobi hadi Majengo

Waandaaji walinikatia tiketi ya ndege ya kurudi. Jana usiku nilimwomba dada mhasibu anisomee maandishi ya pawabenki yangu. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege, lazima ziwe ndani ya chumba cha abiria, na kiwango kinachopita bila idhini ya shirika ni wati-saa 100. Yangu ni ya miliampea-saa 20,000 kwa volti 3.7, sawa na wati-saa 74, kwa hiyo haina shida ikiwa maandishi yake yanasomeka. Mwaka jana, katika uwanja mmoja ambao sitautaja, nilinyang'anywa pawabenki halali kwa sababu wino ulikuwa umefutika kwa kusuguana na funguo, nami sikuwa na njia ya kujua. Hii mpya niliibandika karatasi angavu yenye gundi juu ya maandishi siku niliyoinunua. Dada aliisoma yote bila kusita.

Kwenye kizuizi cha barabara kabla ya uwanja wa Jomo Kenyatta abiria tulitakiwa kushuka garini na kupita kwenye ukaguzi kwa miguu, na dereva akapitisha gari peke yake. Nilishuka na begi kifuani. Mlangoni mwa jengo mfanyakazi aliniletea kiti cha magurudumu. Nilimwambia miguu yangu haina tatizo, akasisitiza kwamba ndiyo huduma iliyoandikwa kwenye tiketi, na alikwisha kuushika mkanda wa begi ili alitundike nyuma ya kiti. Nikaitoa sentensi yangu. Alicheka kidogo, akanipa kiwiko, tukaenda vizuri sana.

Ukaguzi wa ndani ndio mgumu, kwa kuwa kila kitu hukuacha kwa wakati mmoja. Kipakatalishi kinatoka begini na kulala peke yake kwenye trei, begi linafuata, simu inafuata, na fimbo nayo lazima ipite kwenye mashine. Kwa muda huo mtu asiyeona hana fimbo, hana simu na hana kompyuta, naye anaambiwa apite mbele kwenye lango. Mpangilio wangu ni huu: naomba nisubiri mpaka trei ya kompyuta iingie kwenye mkanda mbele yangu, fimbo naikunja na kuitoa ya mwisho kabisa, na namwomba mkaguzi wa upande wa pili anirudishie fimbo kwanza, kisha aniambie trei yangu ikifika. Leo mkaguzi alikuwa mama mwenye sauti nzito. "Baba, fimbo hii hapa. Kompyuta zimefika tatu, zote nyeusi. Yako ni ipi?" Nikamwomba aniruhusu niguse. Ya kwanza ilikuwa laini. Ya pili ilikuwa laini. Ya tatu, pembeni mwa kifuniko, kidole kilikuta kipande cha msasa nilichokibandika miaka miwili iliyopita, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. "Hii," nikasema. Akanisogezea begi, akasimama kando akanipa nafasi nifunge zipu mwenyewe.

Saa moja angani, kisha joto la Mombasa likanipokea mlangoni mwa ndege kama nilivyolizoea.

Jioni dada alinifungulia kasha, akanipa kadi. Niliipitisha kidoleni kundi kwa kundi. Kundi la sita lilikuwa limelegea: nguo zilizolala juu yake zilikuwa zimezisawazisha nukta mbili, na 4 ilikuwa inakaribia kusomeka kama 3. Nilichukua kadi mpya, kibao na sindano, nikaziandika upya tarakimu zote 48. Dada akazisoma kwa kidole chake, pole pole, huku mimi nikizifuata kwenye faili la kompyuta, na alipokosea kundi la pili tukaanza tena mwanzo.